Mahojiano ya viza ya mume au mke katika ubalozi wa Marekani: jinsi ya kujitayarisha

Barua pepe ya miadi huja siku usiyoitarajia. Mimi ilinikuta sokoni Kongowea alasiri, nikichagua nyanya. Niliisoma mara tatu pale pale katikati ya mikokoteni, kisha nikampigia mume wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa akitoka zamu ya usiku huko Texas. Tulikuwa tumengoja muda mrefu. Furaha ilitudumu mpaka usiku, halafu hofu ikaingia: wataniuliza nini?

Hofu hiyo imewaponza wengi. Mtu hukimbilia orodha za maswali, au huwalipa mawakala wamuuzie "majibu", kisha akayakariri kama mtoto wa madrasa. Tangu nilipopita pale dirisha la mahojiano nimekaa na ndugu na majirani kadhaa tukitayarisha safari zao, na kila mara nawaambia neno moja: kinachohojiwa pale ni faili lako. Afisa ana kila karatasi mliyotuma tangu siku ya kwanza. Anachotaka kujua ni kama mdomo wako na karatasi hizo vinasimulia ndoa moja. Basi anza na faili, maswali yatakuja yenyewe.

Haya niyasemayo ni kwa mtu aliyeolewa au aliyeoa raia wa Marekani na anahojiwa akiwa nje ya Marekani, kwa viza ya CR1 (ndoa haijafika miaka miwili) au IR1 (imeshapita miaka miwili). Mifano yangu ni ya Nairobi, kwa kuwa ndiko nilikopita, ila fomu na sheria ni zile zile kwa balozi zote za Marekani.

Kabla ya yote: tazama kama mlango uko wazi

Kufikia hapo mmeshapita mengi. Mwenzio aliwasilisha fomu I-130, ya kumwombea ndugu, kwa idara ya uhamiaji ya Marekani, USCIS. Ilipokubaliwa, faili likaenda kituo cha viza kiitwacho NVC, mkalipa dola 325 za viza na dola 120 za karatasi za mdhamini, mkajaza DS-260 (fomu ya ombi la viza) na I-864 (fomu ya mdhamini), mkapakia vyeti. NVC iliporidhika ikawapangia miadi.

Lakini sheria za huko hubadilika kwa tangazo la rais, na siku hizi hubadilika haraka. Juni 2025 Marekani iliweka vizuizi kwa raia wa nchi kadhaa, zikiwemo Somalia, Burundi na Kongo-Brazzaville, na orodha ikaendelea kuongezwa baadaye. Kinachotazamwa ni pasipoti yako, hata kama unaishi nchi nyingine. Basi kabla hujakata tiketi wala kulipia vipimo, fungua tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani na ya ubalozi utakaokuhoji, usome linalohusu nchi yako leo. Usitegemee alichokwambia mtu aliyehojiwa mwaka juzi.

Hatua ya kwanza: lisomeni faili, nyinyi wawili, kwa sauti

Mwambie mwenzio akutumie nakala ya kila kitu: I-130, barua za maelezo, fomu za mdhamini, kodi, vyeti. Wewe ingia kwenye akaunti yenu ya NVC uchapishe DS-260 yako. Kisha tafuteni saa mbili za utulivu, kila mmoja na nakala yake, msome mstari kwa mstari kwenye simu.

Sisi tulifanya hivyo usiku mmoja, mimi mezani jikoni na yeye ndani ya gari nje ya kazini kwake. Tukafika kwenye barua aliyoambatisha ya kueleza tulivyokutana. Ameandika Desemba 2018. Mimi siku zote nasema Januari 2019. Tulibishana mpaka tukacheka: yeye alihesabu tangu meseji ya kwanza, baada ya binamu yangu kumpa namba. Mimi nahesabu tangu siku nilipomwona kwa macho, kwenye feri ya Likoni, ameshika mfuko wa mahamri. Sote tulikuwa sahihi. Lakini laiti ningelisema "Januari" pale dirishani bila maelezo, afisa angekuwa na barua inayosema Desemba na mke anayesema Januari. Sasa nilijua la kusema: tulianza kuandikiana Desemba, tukaonana Januari.

Mambo ya kutazama kwa makini: tarehe, anwani za miaka ya nyuma, kazi zote, mahali mlipoishi pamoja mara ya mwisho, ndoa za awali za kila mmoja, na watoto wote, hata wasiosafiri. DS-260 pia huuliza akaunti za mitandao ya kijamii ulizotumia katika miaka 5 iliyopita. Ile ya zamani yenye jina la utani nayo ni akaunti.

Tazama na majina. Huku kwetu mtu huwa Fatma kwenye pasipoti, Fatuma kwenye cheti cha kuzaliwa na Fatuma tena, lakini na jina la babu, kwenye kitambulisho. Kama tofauti ni ya herufi, hati ya kiapo kwa wakili inayosema majina hayo ni ya mtu mmoja husaidia. Kama ni jina tofauti kabisa au tarehe ya kuzaliwa, rekebisha cheti chenyewe mapema kwa msajili. Na ikiwa cheti chako cha kuzaliwa kilitolewa ukubwani, kama ilivyo kwa wengi wetu waliozaliwa nyumbani, beba ushahidi wa zamani zaidi: kadi ya kliniki, vyeti vya shule, cheti cha ubatizo ikiwa unacho.

Mkigundua kosa kwenye fomu, msilifiche. Liandike kwenye karatasi, na ukifika dirisha la kwanza sema kabla hujaulizwa: "Kwenye DS-260 niliandika hivi, sahihi ni hivi." Kosa lililosemwa mapema hurekebishwa pale pale. Kosa lililogunduliwa na afisa huanza kunuka uongo, na uongo kwenye maombi ya viza unaweza kukufungia Marekani maisha.

Hatua ya pili: ndoa yenyewe inasimama kisheria?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wa pwani wanapokwama na hakuna anayewaambia mapema.

La kwanza ni nikaha ya mbali. Bwana yuko Minneapolis, bibi yuko Kisauni. Shehe anaozesha kwa simu, au ndugu wa bwana anasimama kwa niaba yake. Kwa dini yetu ndoa imepita, lakini sheria ya uhamiaji ya Marekani haiwahesabu kuwa mume na mke watu ambao hawakuwa pamoja wakati wa kufunga ndoa, mpaka wawe wamekutana kimwili baada ya ndoa hiyo. Aliyekuja kabla ya ndoa, mkaozwa kwa simu baada ya yeye kuondoka, hajatimiza sharti. Kama ndoa yenu ilifungwa hivyo, lazima awe amekuja baada ya nikaha mkaishi pamoja, na uwe na ushahidi: mihuri ya pasipoti yake, tiketi, picha za siku zile, risiti za mlikofikia. Na ikiwa I-130 ilitumwa kabla hajaja, tafuteni wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla ya siku ya mahojiano, maana mlikuwa mmeomba kama wanandoa kabla sheria yao haijawatambua.

La pili ni cheti. Karatasi ya msikiti au ya kanisa peke yake haitoshi, inatakiwa ya serikali. Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka kila ndoa iandikishwe, ya Kiislamu, ya Kikristo, ya kimila na ya Kihindu. Hakikisha cheti chako cha Kadhi au cha msajili kinasomeka, kina muhuri na tarehe sahihi. Tanzania Bara, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa hupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili.

La tatu ni talaka. Ikiwa wewe au mwenzio mliwahi kuwa na ndoa nyingine, lazima pawe na hati ya kuvunjika kwake au cheti cha kifo, na tarehe yake iwe kabla ya ndoa yenu ya sasa. Talaka iliyotamkwa barazani mbele ya wazee na kuishia hapo haina karatasi, na Marekani bila karatasi ndoa ile bado ipo. Namjua dada mmoja aliyeachwa miaka mingi iliyopita, akaolewa upya kwa heri zote, ila talaka ya kwanza iliandikishwa kwa Kadhi baada ya nikaha ya pili. Kwa hesabu ya tarehe alikuwa na waume wawili. Ilibidi wafunge ndoa upya na kuanza ombi tangu mwanzo.

La nne ni mke wa pili. Hata kama sheria ya nchi yenu inaruhusu, Marekani hutambua ndoa ya kwanza tu, na anayekwenda huko kwa nia ya kuishi na wake wengi huzuiwa kuingia. Swali hili huulizwa waziwazi.

Na la watoto. Mke au mume wa raia wa Marekani habebi watoto kwenye ombi lake. Kila mtoto huombewa I-130 yake, na mtoto wa kambo anahesabika ikiwa ndoa ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18. Nimeona mama akifika dirishani na watoto wawili akidhani wamo. Hawakuwamo.

Hatua ya tatu: cheti cha polisi, na cha nchi ulikowahi kufanya kazi

Kenya, cheti cha tabia njema huombwa kupitia eCitizen kwa shilingi 1,050, kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole. Hicho hakina shida. Shida ni Ghuba.

Sheria inataka cheti cha polisi kutoka kila nchi uliyoishi miezi 12 au zaidi ukiwa na umri wa miaka 16 kwenda juu. Mimi nilifanya kazi ya nyumbani Doha kwa miezi 14 kabla sijaolewa. Wakala aliyenisaidia kujaza fomu aliniambia, "Dada, hiyo ni zamani, usijisumbue." Nikamsikiliza. Siku ya mahojiano kila kitu kilikwenda vizuri mpaka afisa alipogeuza ukurasa mmoja wa pasipoti yangu, akauliza: "Na cheti cha Qatar kiko wapi?" Nilitoka na karatasi badala ya viza, na ilinichukua miezi minne kukipata nikiwa Mombasa.

Ikiwa ulifanya kazi Saudia, Oman, Dubai, Bahrain au popote pengine, hesabu miezi yako leo. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina orodha ya kila nchi inayoeleza cheti cha polisi cha huko kinapatikana vipi kwa mtu aliyekwisha kuondoka, na kama hakipatikani inasema hivyo pia. Fuata maelezo ya orodha hiyo, kwa kuwa ndiyo anayoitazama afisa. Kama hukuwahi kuitaja nchi hiyo kwenye DS-260, rudi hatua ya kwanza: itaje.

Vile vile, kama uliwahi kuishi Marekani na muda ulioruhusiwa kukaa ukakuishia, jua hesabu hii: kupitiliza zaidi ya siku 180 kisha ukaondoka huleta kizuizi cha miaka 3, na mwaka mmoja au zaidi huleta miaka 10. Kuna ombi la msamaha, fomu I-601, lakini hilo si la kujaza na wakala wa mtaani.

Hatua ya nne: vipimo

Vipimo hufanywa na daktari aliyeidhinishwa na ubalozi peke yake. Cha hospitali nyingine, hata iwe kubwa vipi, hakipokelewi. Jina na mahali vimo kwenye maelekezo ya miadi. Fanya kabla ya mahojiano, ila usifanye mapema mno, kwa kuwa viza yako kwa kawaida haidumu kupita muda wa vipimo, ambao huwa miezi 6. Mimi nilifanya wiki tatu kabla.

Utapigwa eksirei ya kifua, utatolewa damu, utaulizwa chanjo. Peleka kadi ya chanjo uliyo nayo, hata ya zamani, usije ukachanjwa upya bila sababu. Kama uliwahi kuugua kifua kikuu, beba karatasi za matibabu na tarehe ulizomaliza dawa. Eksirei ikiwa na kovu, watachukua makohozi mara tatu kwa siku tofauti na kuyaotesha maabara, jambo linaloweza kuchukua wiki 8. Huko si kukataliwa, ni kungoja. Ila kama tayari umeacha kazi na kuuza vitanda, wiki nane ni ndefu. Usiuze kitu mpaka viza iko mkononi.

Wengi huniuliza kwa sauti ya chini kuhusu virusi vya UKIMWI. Tangu Januari 2010 si kizuizi cha kuingia Marekani. Endelea na dawa zako na usiache kwenda kwa ajili hiyo.

Linalowashangaza watu ni miraa na muguka. Kenya ni zao halali, linauzwa kila kona, lakini kathinoni iliyomo ndani yake iko kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku Marekani. Bangi nayo vivyo hivyo, hata kama jimbo analoishi mwenzio linairuhusu. Daktari atakuuliza kama unatumia. Usiseme uongo, na usingoje siku ya vipimo ndipo ufikirie: kama ni mtumiaji, acha kabisa sasa, na uongee na wakili wa uhamiaji kabla ya kupanga tarehe.

Hatua ya tano: karatasi za mdhamini

Hii ni kazi ya mwenzio. Kwenye I-864 anatakiwa kuonyesha kipato cha asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani. Kwa viwango vya 2025 na familia ya watu wawili, hiyo ilikuwa kama dola 26,400 kwa mwaka. Kipato kikipungua, atafute mdhamini wa pamoja, raia au mwenye grini kadi anayeishi huko. Mwombe akutumie taarifa ya kodi ya mwaka wa karibuni zaidi kutoka IRS, idara ya kodi ya huko, na hati za mshahara za miezi ya karibuni. Karatasi mlizopakia NVC mwaka uliopita zinaweza kuwa zimeshapitwa. Na kama amebadilisha kazi, nawe uijue kazi mpya.

Hatua ya sita: ushahidi kwamba mnaishi kama mke na mume

Usibebe furushi. Nilimwona bwana mmoja kwenye foleni na albamu tatu za harusi, na nadhani hakuna aliyezifungua. Chagua vichache vinavyopita katika miaka yote ya uhusiano wenu: mihuri na tiketi za safari zake za kuja, picha 15 au 20 zenye tarehe na majina ya waliomo nyuma yake, kumbukumbu za fedha mlizotumiana, mazungumzo ya simu kwa kurasa chache kutoka kila mwaka, na karatasi yoyote yenye majina yenu wawili. Picha za harusi zionyeshe watu wa pande zote mbili. Harusi isiyo na ndugu hata mmoja wa bwana itaulizwa, kwa hiyo kama hawakuja, jua ni kwa nini na useme.

Kilichonisaidia mimi ni picha ambayo nusura niiache nyumbani: mume wangu amekaa kwenye mkeka kwa mamangu, amekunja suruali, anakuna nazi, na mamangu anamcheka. Afisa aliiangalia muda mrefu kuliko nyingine zote. Akauliza huyu mama ni nani, na kwa nini anacheka. Nikamweleza kwamba mume wangu alilelewa mjini Nakuru, alikuwa hajawahi kukalia mbuzi ya kukunia nazi, na nazi ilikuwa imejaa mpaka kwenye ndevu. Sikuwa nimeyatayarisha hayo.

Hatua ya saba: jizoezeni, lakini msikariri

Jioni kadhaa kabla ya siku, mwenzio awe afisa. Akuulize kwa haraka, nawe ujibu swali uliloulizwa, basi. Maswali huwa ya kawaida: mlikutana wapi, nani aliyewajulisha, alikuja mara ngapi na alifikia wapi, mahari ilikuwa kiasi gani na nani aliyepokea, anafanya kazi gani na zamu ipi, anaishi na nani, aliwahi kuoa, watoto wake wana umri gani, wazazi wake wako hai, utaishi wapi ukifika. Kama mmepishana miaka mingi kwa umri, au dini, au mlioana muda mfupi baada ya talaka yake, tegemea maswali zaidi hapo. Ongeeni wenyewe kwanza, kwa ukweli. Huenda mwenzio ana mtoto au ndoa ya zamani ambayo hajawahi kukutajia vizuri. Ni afadhali uisikie jikoni kwako kuliko dirishani.

Usipojua, sema hujui. Mke hajui mshahara wa mumewe mpaka senti, na afisa analijua hilo. Anayejibu kila kitu papo hapo kwa maneno yale yale ya mumewe ndiye anayetia shaka.

Kuhusu lugha: kama Kiingereza kitakukwamisha, sema mwanzoni kwamba unataka Kiswahili. Kiingereza si sharti la viza hii. Kuna watu waliojibu "yes" kwa swali wasilolielewa kwa sababu ya kuona haya.

Siku yenyewe

Sisi wa pwani tusijidanganye na treni ya asubuhi ya siku hiyo. Fika Nairobi angalau siku mbili kabla. Ubalozi uko Gigiri, barabara ya United Nations, upande wa pili kabisa wa mji kutoka stesheni ya Syokimau, na foleni za Nairobi hazijali miadi ya mtu. Vaa nguo za heshima ulizozizoea. Mwezi wa Julai beba sweta, utasimama nje.

Simu haziingii, iache kwa mtu unayemwamini. Andika kwenye karatasi namba ya mwenzio, maana wengi wetu hatuikumbuki kichwani. Karatasi zako ziwe kwenye faili moja, asili mbele na nakala nyuma yake: barua ya miadi, ukurasa wa uthibitisho wa DS-260, pasipoti iliyobakiza zaidi ya miezi 6, picha mbili za sentimita 5 kwa 5 bila miwani, cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, talaka kama zipo, vyeti vya polisi, karatasi za mdhamini, ushahidi.

Dirisha la kwanza ni la karatasi. Karani atakuomba moja moja, naye huwa na haraka, hivyo ndiyo maana ya kuzipanga. Halafu alama za vidole. Halafu unakaa, na kukaa huko ndiko kugumu. Ukiitwa na afisa utainua mkono wa kulia na kuapa kwamba utasema kweli. Mazungumzo yanaweza kuwa dakika kumi tu. Ufupi wake haumaanishi umefeli, wala urefu wake haumaanishi umekwama.

Ukitoka dirishani

Akikubali atabaki na pasipoti yako. Ikirudi na viza, soma jina na tarehe ya kuzaliwa kabla ya kufanya lolote.

Akikupa karatasi yenye namba 221(g), isome mpaka chini. Maana yake ombi halijapita leo kwa sababu kuna kitu kimepungua au kinaendelea kuchunguzwa. Kama wanataka hati, peleka hiyo waliyoitaja, kwa njia waliyoitaja. Una mwaka mmoja. Usitume barua pepe kila siku, na usikubali kumlipa mtu anayedai ana "mtu wa ndani". Ikiwa afisa anaitilia shaka ndoa yenyewe, faili hurudi USCIS na mwenzio hupata nafasi ya kujibu kwa maandishi. Hapo ndipo wakili anapostahili fedha zake.

Kwa ndoa za karatasi sina mwongozo. Kifungo chake hufika miaka 5 na faini dola 250,000, na aliyegunduliwa hafunguliwi tena njia ya ndoa, hata akija kuoa kweli.

Ukishapata viza, lipa ada ya wahamiaji ya USCIS mtandaoni kabla ya kusafiri. Tangu Aprili 2024 ni dola 235, bila hiyo grini kadi haitumwi. Ukipewa bahasha iliyofungwa usiifungue, na diski ya eksirei iwe kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku. Kama ndoa yenu inakaribia miaka miwili, tazama kalenda: kinachohesabiwa ni umri wa ndoa siku unayoingia Marekani. Ukiingia siku moja baada ya kutimiza miaka miwili, mwambie afisa wa uwanja wa ndege, hata kama viza imeandikwa CR1, ili upate kadi ya miaka 10. Ukiingia kabla, utapata ya miaka 2, na mtatakiwa kuwasilisha fomu I-751, ya kuondoa masharti ya kadi hiyo, ndani ya siku 90 za mwisho kabla haijaisha. Mimi tarehe hiyo niliiandika kwa kalamu nyekundu ndani ya jalada la Kurani yangu, nikampigia mume wangu naye akaiandika kwenye kalenda ya jikoni, juu ya friji, kabla hata sijapanda ndege.